Samaki Anayeuzwa kwa Jina la Kijiji

Wafugaji wa samaki wa mapambo nchini Ujerumani wanaijua Ikola, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi. Kilichowajulisha ni samaki wa jamii ya Tropheus, mweusi tii, aliyezungushiwa mkanda mpana wa manjano kiunoni. Naye huitwa Ikola. Asipojulikana alikotoka, thamani yake inaporomoka.

Ni ndugu wa sato, wote wa familia ya sikilidi, lakini Tropheus habanduki kwenye miamba. Hula mwani unaoota juu ya mawe, hujificha kwenye nyufa zake, na akikuta mchanga mpana mbele yake havuki kwenda upande wa pili. Kila kundi limezaana peke yake kwa karne nyingi, hadi miamba ya huku ikatoa wekundu na ya kule ikatoa rangi ya zeituni. Kuna rangi ambayo duniani kote inapatikana kwenye kipande kifupi tu cha ufuko.

Na hazai kwa wingi. Jike huatamia mayai mdomoni karibu mwezi mzima, mara nyingi hayafiki 20, ilhali sato hubeba mamia. Nyavu zikirudi tena na tena kwenye mawe yale yale, pengo halizibiki upesi.

Mfugaji makini hamweki Ikola tangi moja na Tropheus wa Moliro, upande wa Kongo. Watazaana, na watoto wao watakuwa samaki wasio na kwao. Wanaozalishwa matangini bila kuchanganywa wanaipunguzia miamba mzigo mkubwa, na ningependa wanunuzi wawatafute hao kwanza.

Frontosa, sikilidi mwingine wa ziwa hilo, ana habari nyingine. Ana nundu kubwa kwenye paji la uso, na wa Kigoma hutambulika kwa mistari saba, wakati wengine wengi wana sita. Anakaa kina kirefu. Mpiga mbizi akimpandisha kwa mkupuo, kibofu chake cha hewa hufura na kumuua, hivyo humfungia kwenye chombo majini na kumsogeza juu kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Anayelalamikia bei ya frontosa wa ziwani auhesabu kwanza ujira wa mtu huyo, anayezama kila siku kwenda kumpandisha samaki mita chache tu.