Mfalme aliyefanywa Mungu bila kuomba!

UKIMUONA kijana ana nywele ndefu zilizosokotana, utasikia watu wanasema: "Rasta huyo." Lakini waulize jina hilo limetoka wapi, wengi watakutolea macho tu.

Kisa kinaanzia Ethiopia. Novemba 2, 1930, Ras Tafari Makonnen alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Kwanza. Sherehe ilikuwa ya kukata na shoka. Hata Mfalme wa Uingereza alimtuma mwanawe akahudhurie.

Habari zikafika Jamaica, kisiwa kilichokuwa chini ya Waingereza. Huko wajukuu wa watumwa walikuwa hoi, mshahara kiduchu, na kanisani Yesu wa kwenye picha alikuwa Mzungu. Leo wanasikia mtu mweusi kavaa taji, Wazungu wanamwinamia! Wacha bwana, usingizi ulikatika.

Mwaka 1933 Leonard Howell akaanza kuhubiri kwamba mfalme huyo ndiye Mungu aliyerudi. Picha zake akaziuza shilingi moja moja. Serikali ikaona huu sasa ni uchochezi: mwaka 1934 akafungwa miaka miwili. Alipotoka akakusanya waumini, na mwaka 1940 wakaanzisha kijiji chao, Pinnacle. Walilima, wakapika pamoja, wakajitegemea. Polisi walikivamia zaidi ya mara moja.

Na "Mungu" mwenyewe je? Alikuwa Mkristo wa Orthodox, anasali zake kanisani kama kawaida. Aprili 21, 1966 alipotua Kingston, umati ulivunja taratibu zote ukaizingira ndege. Mzee akabaki ndani kwanza, mpaka kiongozi wa Marasta, Mortimo Planno, alipopanda ngazi na kuwatuliza watu.

Mwaka 1974 wanajeshi walimpindua. Agosti 1975 akafariki. Ungedhani dini nayo imekwisha. Thubutu! Mwaka huohuo Bob Marley akatoa wimbo kutangaza kwamba Jah yu hai, na imani ikazidi kuenea duniani.

Waumini watakwambia imetoka kwa Jah, na hiyo ni haki yao. Lakini ukifuata nyayo zake utawakuta binadamu: maskini waliochoka kudharauliwa, mhubiri jasiri, na picha ya shilingi moja. Walipata jina, ndugu na heshima, vitu ambavyo serikali iliwanyima. Ndiyo maana jela haikuimaliza, wala kifo cha mfalme.

Kwa hiyo mtawala anayeogopa dini mpya asikimbilie kuwaita polisi. Aulize kwanza: hawa watu wamekosa nini kwangu?