Pingili Haikuhama, Acheni Kuirudisha

Haipiti wiki bila mtu kuingia chumba changu cha fiziotherapia, kunigeuzia mgongo na kusema: "Daktari, pingili imehama, naomba unirudishie nikae wima." Ukimuuliza nani kamwambia, atakutajia mkandaji wa mtaani, kinyozi, au video aliyotumiwa kwenye simu. Simlaumu mgonjwa. Nawalaumu wanaomuuzia hofu, kisha wakamuuzia na dawa yake.

Tuanze na ule mlio. Kinyozi akimaliza kunyoa hukushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akakilaza kichwa upande, kisha akakizungusha ghafla mpaka shingo ilie. Mteja huamini mfupa umerudi. Haukurudi, kwa kuwa haukuwa umekwenda popote. Ndani ya kiungo mna ute wenye gesi iliyoyeyuka. Mifupa ikitenganishwa kwa ghafla, shinikizo hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI vidole vikivutwa mpaka vikalia, na uwazi huo ukaonekana ukitokea. Alisha vidole vyako sasa hivi: vitalia, na hakuna mfupa uliokuwa umehama.

Wengine hunijibu kwamba mkono wa fundi huhisi mfupa ukisogea. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 1998 watafiti wa Uswidi walichukua wagonjwa 10 walioambiwa kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga kimekaa vibaya. Walipima nafasi ya mifupa kwa eksirei maalumu kabla na baada ya kunyooshwa. Watabibu waliopima kwa mikono waliona mambo yamekaa sawa, ilhali eksirei ilionyesha mifupa iko palepale. Mkono hudanganyika, hata mkono wa bingwa.

Wapo pia wanaofuata mafundisho ya Ida Rolf wa Marekani, kwamba utando unaofunika misuli unaweza kufinyangwa kwa viwiko mpaka mwili ukanyooka. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kuubana utando mzito wa paja au wa unyayo kwa asilimia 1 tu kunahitaji nguvu inayopita uwezo wa kawaida wa binadamu. Utando huo ni mgumu kama mkanda wa ngozi.

Basi kwa nini mtu hutoka amepata nafuu? Kwa sababu mguso hutuliza mishipa ya fahamu, misuli iliyokaza hulegea, na maumivu hupungua kwa saa au siku kadhaa. Nafuu hiyo ni ya kweli, na mimi mwenyewe nakanda migongo kila siku. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kujongea bila woga. Usipoitumia, maumivu yatarudi, nawe utarudi kulipa.

Na kuna madhara. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita katika matundu ya pingili za shingo. Msokoto wa ghafla unaweza kuuchana mmoja, na mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini hakuna mtindo wa nywele unaostahili hatari hiyo. Kibaya zaidi ni kuchelewa kutambua TB ya uti wa mgongo, ambayo hula pingili mpaka kibiongo kikachomoza. Mgonjwa hukandwa miezi na miezi, wakati dawa za TB hutolewa bure katika nchi nyingi.

Cha kufanya ni hiki. Inuka kitini kila nusu saa. Hakuna mkao mmoja ulio bora kwa siku nzima. Inua skrini ifikie usawa wa macho. Mara mbili au tatu kwa wiki jisukume ukutani, vuta utepe wa mpira wa mazoezi kuelekea kifuani, na ukilala chali nyanyua nyonga. Fanya hivyo wiki 6 hadi 12 kabla ya kutoa hukumu. Ukitaka kukandwa, kandwa, lakini shingo isizungushwe ghafla. Nenda hospitali haraka ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo usiozuilika, miguu kuishiwa nguvu, homa, jasho la usiku, kukonda, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka.

Mgongo hunyooshwa na misuli ya mwenyewe. Anayekutaka urudi kila mwezi akupange pingili, usimpe pesa yako.