Kiwanda cha Chapa Juu ya Meza

Mwaka 1985 mambo matatu yalikutana huko Marekani, yakaitoa kazi ya kupanga kurasa katika mikono ya wachache walioirithi tangu siku za Gutenberg wa Mainz, yakaiweka juu ya meza ya mtu yeyote mwenye fedha kidogo na raghba ya kujifunza: kompyuta ya Macintosh, iliyouonyesha ukurasa kwenye kioo karibu na vile utakavyotokea karatasini, mashine ya LaserWriter, iliyoitumia lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe kuchora herufi na picha kwa nukta 300 katika kila inchi, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, ambayo mwanzilishi wake, Paul Brainerd, ndiye aliyeipa kazi hii mpya jina la uchapishaji wa mezani. LaserWriter peke yake iliuzwa kwa dola 6,995, na bei hiyo haikuwa ya fukara. Lakini aliyeijua gharama ya karakana nzima, yenye makasha ya herufi za risasi, mitambo ya kupangia mistari na mafundi wa kuihudumia, aliiona kuwa rahisi mno.

Kabla ya hapo ukurasa ulikuwa kitu cha kushikwa kwa mkono. Gazeti kama Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilipangwa kwa herufi za madini, risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, na fundi wa kazi hiyo alizisoma herufi zake kinyume na kichwa chini, kwa wepesi ule ule tunaosomea barua, baada ya uanagenzi wa miaka. Kijana wa leo katika steshenari ya Kariakoo, akiombwa kadi za mwaliko wa harusi, hufungua kompyuta, akachagua mfano uliokwisha tengenezwa na mtu mwingine, akabadili majina, na kabla chai ya mteja haijapoa kazi imekwisha. Simlaumu, maana riziki yake yategemea wingi wa kadi. Lakini kazi nyingi zitokazo katika haraka hiyo zina ila ambazo mteja huziona asiweze kuzitaja, kwa kuwa hajapata kuelezwa majina yake, na mteja huyo, kuliko fundi, ndiye ninayemwandikia.

Tuanze na karatasi yenyewe. A4, ambayo haikosekani katika ofisi yoyote, ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, na vipimo hivyo, vilivyofanywa kanuni katika Ujerumani mwaka 1922 na baadaye kukubaliwa na sehemu kubwa ya dunia, havikuokotwa njiani: ukiikunja karatasi hiyo katikati ya urefu wake unapata A5, yenye umbo lile lile kwa udogo, ukiunganisha mbili ubavu kwa ubavu unapata A3, na ukizidi kupanda hivyo unaifikia A0, ambayo eneo lake ni mita mraba moja. Kwa sababu hiyo kazi iliyopangwa kwa karatasi moja huweza kukuzwa au kupunguzwa iingie katika nyingine pasipo kupotoka.

Ukingoni mwa karatasi kuna pambizo, na katika jambo hili mtu wa pwani hana haja ya mwalimu wa mbali, maana kanga aliyoiona tangu utotoni ina pindo lililoizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lililokaa chini ya mji katika nafasi iliyotengwa kwa ajili yake, wala hakuna mama ambaye angetoa fedha yake kununua kanga ambayo jina limebanwa na pindo hata halisomeki. Ukurasa una kaida iyo hiyo. Pambizo ni mahali pa kuweka dole gumba, ni pumziko la jicho, na katika kitabu upande wa mshono hudai zaidi kuliko upande wa nje, kwa kuwa sehemu yake humezwa na gundi. Wateja wengi hunung'unika kwamba wamelipia karatasi nzima na kupewa robo yake tupu. Wasaa huo mtupu ndio unaomwelekeza msomaji pa kutazama, na ukurasa uliojazwa hadi ukingoni haumwelekezi popote.

Herufi hupimwa kwa pointi, na pointi 72 hufanya inchi moja, kwa hiyo herufi ya pointi 12 kwa hesabu ni sudusi ya inchi. Hata hivyo kipimo hicho ni cha kitalu kizima ambacho herufi hukaa ndani yake, wala si cha herufi yenyewe, na ndiyo maana fonti mbili zilizoandikwa kwa pointi 12 huweza kuonekana moja kubwa na moja ndogo. Kwa jumla fonti zimegawanyika katika koo mbili: zenye vijimkia kwenye ncha zake, kama Times New Roman, na zisizo navyo, kama Helvetica na Arial. Times New Roman ilibuniwa chini ya usimamizi wa Stanley Morison kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ambalo liliivaa kwa mara ya kwanza mwaka 1932, na muradi wake ulikuwa kuingiza maneno mengi katika safu nyembamba bila ya kumchosha msomaji. Kuikuta leo katika bango la duka, ambalo lapasa kusomwa na mtu aliye ndani ya daladala iendayo mbio, ni kuitwisha kazi isiyoumbiwa. Kuhusu kadi zinazochanganya fonti sita, moja kwa jina la bwana harusi, nyingine kwa bibi harusi, ya tatu kwa ukumbi, na kadhalika mpaka nambari ya simu, hukumu yangu ni fupi: fonti mbili zatosha kwa kazi yoyote, na aliyezidisha ya tatu awe na sababu ya kuisema.

Baina ya mistari lazima pawe na nafasi. Mafundi wa zamani waliifanya nafasi hiyo kwa kuchomeka vipande vyembamba vya risasi kati ya mstari na mstari. Programu za leo huifanya kwa tarakimu, na kaida iliyozoeleka ni kuongeza kama humusi moja ya ukubwa wa herufi, yaani herufi za pointi 10 zikae juu ya mistari ya pointi 12. Mstari ukiwa mrefu sana jicho hupotea linaporudi kutafuta mwanzo wa mstari ufuatao, na ukiwa mfupi sana hukatizwa kila mara. Kwa kitabu, herufi 45 hadi 75 katika mstari mmoja zimeonekana kuwa kiasi cha kustahimilika.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai haki yake. Mistari ya maandishi huweza kulinganishwa upande wa kushoto tu, ikaachwa kulia iishe inapoishia, au huweza kunyoshwa hata pande zote mbili zikawa sawasawa. Wengi hupenda namna ya pili kwa kuwa ina sura na hadhi ya kitabu. Lakini programu ikitaka kuunyosha mstari, njia yake kubwa ni kuongeza nafasi baina ya maneno, na maneno yetu, ambayo hubeba nafsi, wakati, kirejeshi na kauli katika mwili mmoja, aghalabu ni marefu. Yatakayoshughulikiwa ni neno moja lenye herufi 20. Likikosa nafasi mwishoni mwa mstari katika safu nyembamba ya gazeti, huruka zima zima kwenda mstari wa chini, na maneno mawili matatu yaliyoachwa nyuma husukumwa huku na huku kulijaza pengo. Mapengo hayo yakifuatana mstari chini ya mstari, hufanyika mfereji mweupe unaoteremka katikati ya safu, na jicho hushuka nao likaiacha maana.

Dawa ya kale ya ugonjwa huo ni kulikata neno kwa kistari mwishoni mwa mstari, na dawa hiyo ina sumu yake. Programu nyingi, zisipoagizwa vinginevyo, hukata kwa kaida ya Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi hutenganisha konsonanti mbili zilizokutana katikati ya neno. Hivyo kitambaa huweza kutokea kitam-baa, na mwanangu akawa mwanan-gu, ilhali kwetu mb na ng huenda pamoja, na ilipasa kuwa kita-mbaa na mwana-ngu. Wala sheria hiyo haitoshi kwa kila neno, maana mengi tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yana silabi zinazoishia kwa konsonanti, na daftari hukatwa daf-tari, labda hukatwa lab-da. Mashine haiijui tofauti hiyo isipofunzwa. Mzawa wa lugha huijua bila ya kufikiri, ikiwa atajipa taabu ya kusoma alichokipanga. Shauri langu kwa safu nyembamba ni kuuzima ukataji wa mashine, kulinganisha kushoto, na kukata kwa mkono pale tu penye dharura. Na akiwa bado anasoma, mpangaji na aitazame alama iliyo ndani ya ng'ombe na ng'ambo, ambayo vijana wengi huipiga kwa kitufe kisicho chake, kile cha pembeni juu ya kibodi, ikaegemea upande usiofaa katika kila ukurasa wa kitabu.

Picha nazo zina hesabu zake. Picha ya kamera ni viraba vidogo vya rangi viitwavyo pikseli, na ili ichapike vizuri katika kitabu au gazeti zuri hutakiwa pikseli zipatazo 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1,200 itatoa inchi 4 na si zaidi. Mteja huja na picha ya marehemu baba yake, iliyopita katika WhatsApp mara kadhaa na kupunguzwa ukubwa ili isafiri upesi, akataka ijaze jalada la ratiba ya mazishi; katika simu ilipendeza, karatasini uso unatoka ngazi ngazi, na lawama zote humwangukia fundi. Mteja angetumiwa picha ile kama faili, kutoka kwa mtu aliyeipiga, ingemfikia kamili. Bango kubwa la barabarani lina udhuru, kwa kuwa hutazamwa kutoka mbali na pikseli chache kwa inchi zamtosha mtazamaji. Nembo ya kampuni au chama haifai kuhifadhiwa kwa pikseli hata kidogo. Ichorwe kwa vekta, yaani kwa mistari na mapinde yanayokumbukwa kwa hesabu, nayo itakuwa safi katika kalamu na katika ubavu wa lori.

Rangi ndizo ziletazo ugomvi mwingi, na sababu ni moja. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wa namna tatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, ambao ukijumlishwa huwa mweupe. Karatasi haina mwanga wake, nayo hupokea wino wa namna nne, siani, magenta, manjano na nyeusi, ambao kadiri unavyoongezwa ndivyo karatasi inavyozidi giza. Kuna buluu na kijani zinazowaka katika kioo ambazo wino huo hauwezi kuzifikia kwa mchanganyiko wowote, na anayezidai ananyimwa na maumbile, si na fundi. Rangi au picha inayotakiwa kufika ukingoni mwa karatasi, nayo, yapasa kuupita mstari wa kukatia kwa milimita 3 hivi, ziada ambayo mafundi huiita blidi, kwa sababu kisu cha mashine hukata karatasi nyingi kwa pigo moja na hakikosi kusogea kidogo. Pasipo ziada hiyo, baadhi ya nakala hutoka na uzi mweupe pembeni.

Kwa hiyo, msomaji, upelekapo kazi yako kiwandani, iwe kadi, kalenda au kitabu, omba prufu, yaani nakala ya kukagua, na uiombe karatasini, si katika kioo cha simu. Soma majina kwanza, kisha tarehe na nambari za simu, maana hayo ndiyo yakosewayo zaidi na programu haina namna ya kuyajua, pakunje patakapokunjwa, mpe mtu ambaye hajaiona aisome naye, ndipo utie sahihi na tarehe. Baada ya sahihi yako, kosa lililobaki katika nakala zote ni lako, na kiwanda kina haki ya kukudai malipo yake.