Choo Kinapofurika Baada ya Mvua Kubwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Mkata

Mvua za masika, zinazonyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni neema kwa wakulima na wafugaji wa Handeni na Korogwe. Hata hivyo, katika makazi yanayokua kando ya barabara kuu ya Chalinze–Segera, ukiwemo mji wa Mkata, mvua hizo zinaweza kuambatana na adha isiyozungumzwa sana: maji taka kurudi ndani ya nyumba kupitia choo au tundu la bafu.

Tofauti na maeneo ya majiji yenye mtandao wa mabomba ya maji taka, kaya nyingi katika miji midogo hutegemea vyoo vya shimo au makaro. Katika karo, tope hutuama chini na maji huelekea kwenye shimo la kunyonya, kisha hupenya ardhini. Ardhi inaposhiba maji ya mvua, maji hayo hukosa pa kwenda. Yakiongezewa maji ya paa na ya uani yanayoingia kupitia mifuniko iliyopasuka, hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko mengine, ambalo mara nyingi ni la bafuni.

Kwa sababu hiyo, karo linalofurika si lazima liwe limejaa tope. Kulinyonya mara moja kwa gari la maji taka wakati ardhi bado imeshiba huleta nafuu ya muda mfupi tu, kwani maji hurejea. Aidha, kuta za karo tupu zinaweza kubomoka kwa msukumo wa maji yaliyo nje. Ni vyema kusubiri ardhi ipungue maji au, pale inapolazimu, kupunguza sehemu tu ya yaliyomo.

Hatua ya kwanza kwa kaya iliyokumbwa na hali hiyo ni kusitisha kuoga, kufua na kumwaga maji katika nyumba husika, kwa kuwa kila ndoo inayomwagwa huongeza mfuriko. Watoto waondolewe eneo hilo, na umeme ukatwe endapo maji yamekaribia soketi. Anayesafisha avae mabuti na glavu. Baada ya kuondoa uchafu na kuosha kwa sabuni, sakafu ipakwe dawa ya klorini. Iliyo na nguvu ya asilimia 5 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Dawa hiyo isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu. Vilevile, mtu yeyote asiingie ndani ya karo au shimo la choo, kwa sababu hewa iliyomo inaweza kuua kwa dakika chache.

Jambo la kuepukwa kabisa ni kutapisha vyoo, yaani kufungulia maji taka yachukuliwe na mvua. Uchafu unaoondoka katika ua mmoja huishia kwenye kisima au bwawa la jirani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi nchini ni kielelezo cha gharama ya uchafu kuingia katika maji. Kaya zinazochota maji karibu na choo kilichofurika zichemshe au zitibu maji ya kunywa. Mtu anayeharisha majimaji apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na kuwahishwa kituo cha afya bila kusubiri. Ushauri wa afya hupatikana bila malipo kwa kupiga namba 199.

Kinga hufanyika wakati wa kiangazi. Karo linyonywe kabla ya msimu, mifuniko izibwe na kuinuliwa juu ya usawa wa ua, na mifereji ielekeze maji mbali na choo. Maji ya paa yakivunwa kwenye tangi, kaya hupata akiba ya maji na karo hupunguziwa mzigo. Kisima kipya kichimbwe umbali usiopungua mita 30 kutoka chooni.

Katika nyumba za kupanga ambamo familia kadhaa hutumia choo kimoja, wapangaji na mwenye nyumba wakubaliane mapema nani atagharamia kazi hizo, na wamwombe afisa afya wa kata akague choo kabla ya mvua kuanza.