Sahani ya mtoto iwe na rangi

Wazazi wa kambi,

Bugali wa muhogo unashibisha, lakini peke yake haujengi mwili wa mtoto. Mtoto akikosa vitamini A, kwanza haoni vizuri giza likiingia: anajikwaa, anapapasa sahani yake. Asiposaidiwa anaweza kuwa kipofu, na surua ikimshika inaweza kumuua.

Kinga yake tunayo hapa Kabambare: sombe iliyotwangwa na kuiva vizuri, lengalenga, matembele, papai na maembe yaliyoiva, na mawese mekundu. Mama, usichome mawese mpaka yawe meupe. Rangi ile nyekundu ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A.

Akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha, na umpe pia mboga zilizopondwa laini na papai. Kuanzia miaka 2 mpaka 5, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 250 za mboga na matunda kila siku. Akikataa leo, usimpige. Mpe tena kesho, kidogo kidogo, hata mara 10.

Baba, usiuze mapapai yote sokoni. Kula mboga mbele yake, naye atakufuata.

Mtoto asiyeona jioni, mlete dispansere bila kukawia.