Kuotesha Yungiyungi kwa Mbegu: Mambo Yanayomfaa Mkazi wa Kata

Harusi, ibada na makaburi ya wapendwa wetu hupambwa kwa maua, na siku hizi mengi ya maua hayo ni ya plastiki yaliyosafirishwa kutoka mbali. Ilhali nyanda za juu za Kigoma, zenye usiku wa baridi kiasi na mvua zinazoanza mwezi Oktoba na kuendelea hadi karibu na Mei, zinaweza kustawisha baadhi ya mayungiyungi ya bustani. Makala haya yanaeleza namna ya kuyaotesha kwa mbegu, na pia yanataja hatari ambazo kila kaya inapaswa kuzielewa kabla ya kupanda.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Watu wengi huliita yungiyungi lile ua linaloelea juu ya maji ya mabwawa. Yungiyungi la bustani ni mmea mwingine kabisa: huota nchi kavu kutoka katika tunguu lenye magamba, na hutoa ua mithili ya tarumbeta. Aina mbili nyeupe ndizo zinazofaa zaidi kwa anayeanza. Ya kwanza huitwa kitaalamu Lilium formosanum, na asili yake ni kisiwa cha Taiwan. Ya pili ni Lilium longiflorum, iliyotoka katika visiwa vya kusini mwa Japani. Mbegu za aina hizi huota bila kupitia majira ya baridi kali. Aina nyingi nyingine hudai miezi ya joto ikifuatiwa na miezi ya baridi kali ndipo jani litokeze, jambo ambalo Kibondo haina. Mnunuzi na aulize jina kamili la mbegu kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa nini mbegu, si tunguu?

Mkulima wa muhogo anaijua sababu. Pingili zikichukuliwa kutoka katika shina lenye batobato, ugonjwa huhamia shamba jipya pamoja na pingili hizo. Matunguu ya yungiyungi nayo hubeba virusi vivyo hivyo, na vidukari huvieneza kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Virusi vikuu vinavyoyasumbua mayungiyungi havipiti katika mbegu. Kwa hiyo mche uliotokana na mbegu huanza maisha ukiwa safi, hata kama mama yake alikuwa na majani yenye mabaka. Aidha, kikasha kimoja cha mbegu hutoa miche mingi, na tunguu la jirani hubaki mahali pake.

Yapo pia maelezo kwa wale ambao maua yao hayazai mbegu. Lilium formosanum huweza kujichavusha yenyewe. Lilium longiflorum kwa kawaida haikubali chavua yake yenyewe, wala ya mmea uliogawanywa kutoka katika tunguu lilelile. Huhitaji mmea mwenzake wenye asili tofauti.

Kutayarisha kitalu

Mwezi Agosti ni wakati mzuri wa kusia, ili miche iwe na nguvu mvua zitakapokolea. Changanya sehemu sawa za mchanga safi, mboji iliyooza vizuri na udongo wa juu. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka, kisha uache upoe. Hatua hiyo hupunguza vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga kwa kuioza shingo. Tumia beseni kuukuu au kasha lililotobolewa chini ili maji yasituame.

Mbegu za yungiyungi ni bapa na nyembamba kama karatasi. Ziinue mbele ya mwanga: iliyo hai huonyesha mstari mwembamba katikati, ambao ndio kiini cha mche. Isiyo na mstari huo iondoe. Tandaza mbegu bila kuzibananisha, zifunike kwa udongo laini usiozidi nusu sentimita, kisha weka kasha chini ya kivuli chepesi. Nyunyizia maji kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Udongo uwe na unyevu, lakini usilowe. Njia hii hutumia maji machache, jambo la maana wakati wa kiangazi ambapo foleni ya bombani huwa ndefu.

Baada ya wiki mbili hadi sita, majani membamba kama ya kitunguu kichanga yatachomoza. Wengi huyang'oa wakidhani ni majani pori, kwa hiyo weka alama. Miche ikifikisha majani matatu, ihamishie kwenye tuta lililoinuliwa, kwa kuwa tunguu huoza haraka katika maji yaliyosimama. Weka matandazo na samadi iliyooza. Usiweke majivu shinani, kwani hupunguza uchachu ambao mmea huu huupenda. Kwa matunzo mazuri, Lilium formosanum huweza kutoa ua la kwanza ndani ya mwaka mmoja. Lilium longiflorum huweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Hatari zisizopaswa kufichwa

Ya kwanza inamhusu paka. Katika nyumba nyingi paka ndiye mlinzi wa mahindi na maharage dhidi ya panya. Mayungiyungi haya ni sumu kali kwake: jani, ua, chavua, hata maji ya chombo kilichowekewa ua hilo huweza kuharibu figo zake na kumuua katika siku chache. Kaya inayomtegemea paka kulinda ghala lake ni heri ichague ua jingine.

Ya pili inamhusu binadamu. Katika misitu yetu ya miombo huota ua la porini lenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu kama ndimi za moto, na ncha za majani yake hujisokota na kushika matawi. Kitaalamu huitwa Gloriosa superba. Mmea huo wote una sumu, na kiazi chake, chenye sumu nyingi zaidi, huweza kudhaniwa kuwa kiazi cha kula. Usiupande mahali watoto wanapochezea, wala karibu na viazi au muhogo. Mtu akiula, msimtapishe kwa nguvu. Mpelekeni mara moja kituo cha afya au hospitali, mkibeba kipande cha mmea huo ili mganga autambue.

Ya tatu inahusu ardhi. Mbegu za Lilium formosanum hupeperushwa na upepo, na huko Afrika Kusini mmea huo umekuwa gugu vamizi. Acha vikasha vichache tu unavyovihitaji, na vingine uvikate kabla havijakauka na kupasuka. Usihamishie bustani kando ya mto kwa kutafuta unyevu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Taratibu na huduma

Anayenunua mbegu au matunguu ng'ambo ya mpaka, ikiwa ni pamoja na wanaopita Mabamba, afuate masharti ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa sababu wadudu na magonjwa husafiri ndani ya udongo na mizizi. Ushauri wa kitalu hutolewa na afisa ugani wa kata.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaifahamu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, inayogawanywa kwa uwiano wa 4, 4 na 2. Pamoja na hayo, kikundi kisikimbilie mkopo kwa ajili ya maua. Kioteshe kwanza kasha moja kwa msimu mmoja, kihesabu miche iliyofika kuchanua, kisha kiwaulize wapambaji wa harusi na viongozi wa nyumba za ibada iwapo watanunua. Shamba la chakula libaki kuwa la chakula. Yungiyungi linatosheka na tuta moja kando ya nyumba.