Je, Wajua? Mlango wa Moyo Ukibadilishwa, Kuna Dawa ya Maisha

Moyo wa mtu mzima hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, na kwa kila pigo milango yake minne, yaani valvu, hufunguka na kujifunga ili damu isirudi ilikotoka. Valvu ikikakamaa au ikivuja, mgonjwa huhema akipanda ngazi, miguu humvimba, na usiku halali bila kuegemea mito. Afrika Mashariki, chanzo kikubwa kwa vijana ni maambukizi ya koo ya utotoni yaliyozaa homa ya baridi yabisi na kuacha makovu kwenye valvu.

Vidonge hupunguza maji mwilini, lakini havilainishi kovu. Valvu isiyoweza kukarabatiwa hubadilishwa, na hapo mgonjwa huulizwa: unataka ya chuma au ya tishu?

Ya chuma, ambayo siku hizi vibawa vyake ni vya kaboni ngumu, hudumu miongo mingi. Nyumba ikitulia usiku, mwenyewe huisikia ikigonga. Babu yake ni mpira mdogo ndani ya kizimba uliobuniwa na daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, ukapandikizwa Marekani mwaka 1960. Tatizo ni kwamba damu huganda kwenye kitu kigeni, na bonge likikimbilia ubongoni huleta kiharusi. Ndiyo maana mwenye valvu hiyo humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, maisha yake yote, na hupima damu mara kwa mara kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. INR ikishuka, damu huganda; ikipanda mno, mtu huvuja damu. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Usiviache, kula kiasi kisichobadilikabadilika. Dawa za maumivu na za mitishamba usiziguse kabla ya kumuuliza daktari.

Ya tishu hutokana na nguruwe, au na utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Mwislamu mwenye wasiwasi amwambie daktari mapema, kwa kuwa ya ng'ombe ipo. Wengi wenye valvu hii hawahitaji warfarini ya maisha, ila valvu yenyewe huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana mapema zaidi. Fikiria msichana wa miaka 20 anayetarajia kuzaa: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na valvu ya tishu itamrudisha chumba cha upasuaji. Uamuzi huu ni mzito, na naona si haki mgonjwa kuufanya peke yake asubuhi ya upasuaji. Aulize mapema, akiwa na ndugu zake.

Upasuaji wenyewe hufanyika hata hapa nyumbani, ikiwemo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa kawaida mfupa wa kidari hupasuliwa, moyo husimamishwa, na mashine husukuma damu badala yake. Kisha mfupa hufungwa kwa waya. Huunga kwa wiki kadhaa, na muda huo ndoo ya maji abebe mwingine.

Ukishapona, mwambie daktari wa meno kwamba una valvu ya bandia kabla hajang'oa jino. Utahitaji antibayotiki kwanza, maana bakteria wa kinywani wakijikita kwenye valvu hiyo wanaweza kuua.